Mgogoro wa Ardhi Tanzania Bara: Ubishe Mlango Upi Kwanza, na Kesi Hufia Wapi

Mtu anaweza kuwa na haki yake kamili, mkataba mkononi na mashahidi sita, akahangaika kwenye baraza la ardhi miaka saba, kisha Mahakama Kuu ikafuta mwenendo wote wa kesi kwa sababu hakumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, yaani hakumtaja miongoni mwa washitakiwa. Anaambiwa aanze upya. Hapo mashahidi wawili wameshafariki na nauli imekwisha.

Mwongozo huu unafuata njia ya mgogoro wa ardhi kutoka ofisi ya kijiji au mtaa hadi Mahakama ya Rufani. Unahusu Tanzania Bara peke yake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na Mahakama yake ya Ardhi. Msisitizo mkubwa uko kwenye hatua za mwanzo, maana huko ndiko makosa yasiyorekebishika yanakofanyika.

Kwanza, jua nani ni nani

Ofisi za serikali ziko nyingi, na mwananchi huzichanganya. Mwenyekiti wa kitongoji, wa kijiji na wa mtaa huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji wa kijiji, wa mtaa na wa kata ni waajiriwa, hawachaguliwi. Diwani huchaguliwa na kata na ndiye anayeongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, lakini anafanya kazi upande wa serikali za mitaa. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa nao huteuliwa na Rais, ila wao ni Serikali Kuu.

Kati ya wote hao, hakuna mwenye mamlaka ya kuamua shamba ni la nani. Mkuu wa Wilaya anaweza kusikiliza kero, kutuliza ugomvi na kuwaita wahusika mezani. Barua yake inayosema "eneo hili ni mali ya fulani" si hukumu. Watu hutumia miaka wakizunguka kutoka ofisi hii hadi ile, kila ziara ya kiongozi wanasimama na bango, huku muda wa kisheria unaendelea kukatika. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, na kwa kawaida inaanza siku ulipoondolewa au mwingine alipolivamia eneo. Kwenda kwa kiongozi hakusimamishi saa hiyo.

Na yule mjumbe wa nyumba kumi? Huyo ni kiongozi wa shina la chama, si wa serikali. Sahihi yake kwenye mkataba ina uzito wa shahidi wa kawaida tu. Hii haina maana kwamba haifai: mjumbe aliyeshuhudia pesa zikihesabiwa ni shahidi mzuri sana. Ila hawezi kuidhinisha mauzo.

Ardhi yako iko chini ya sheria ipi?

Sheria mbili za mwaka 1999 ndizo msingi: Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5). Zote zilianza kutumika Mei 2001. Tofauti yake ni kubwa kwa mtu anayedai.

Kama eneo liko ndani ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayosimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Mkutano Mkuu ni wakazi wote waliofikisha miaka 18, si wajumbe peke yao. Kwa hiyo ukiambiwa "kijiji kilinigawia", karatasi ya kutafuta ni muhtasari wa Mkutano Mkuu wenye tarehe, ajenda na orodha ya waliohudhuria. Barua ya mwenyekiti yenye muhuri haitoshi. Vivyo hivyo kwa kununua: mauzo ya shamba la kijijini yasiyopata idhini ya Halmashauri ya Kijiji yana hatari ya kuonekana batili, hata kama pesa zililipwa zote.

Mjini, ukiwa na kiwanja kilichopimwa, ushahidi mkuu ni hatimiliki au barua ya toleo (barua ya mamlaka ya kukupa kiwanja). Kabla ya kufungua shauri lolote fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utajua jina lililopo kwenye daftari, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna zuio. Kuna watu wameshitaki mvamizi wakagundua katikati ya kesi kwamba hati ilishahamishiwa kwa mtu wa tatu ambaye hawakumshitaki.

Jambo moja la pembeni: ile asilimia 10 ya bei ya mauzo ambayo baadhi ya ofisi za mitaa huidai haina sheria inayoidai. Ukitoa, dai stakabadhi. Ukinyimwa stakabadhi, umeshapata jibu.

Nyaraka: kusanya kabla hujasema neno

Tafuta nakala halisi. Fotokopi haipokelewi kirahisi kama ya awali ipo mahali. Mkataba wa mauziano uangalie mambo manne: majina kamili, bei, mipaka na sahihi za mashahidi. Kisha uliza kama ushuru wa stempu ulilipwa. Mkataba usiolipiwa ushuru huo hukataliwa kama ushahidi pale upande wa pili unapoinuka kupinga, na watu wengi hulisikia jambo hili kwa mara ya kwanza wakiwa kizimbani. Mara nyingi hurekebishika kwa kulipa ushuru pamoja na faini, basi ulipe mapema.

Mashahidi wachague kwa walichokiona. Jirani anayepakana nawe na anayejua nani alilima pale tangu lini ana thamani kuliko ndugu watano waliosimuliwa.

Kama ardhi ni ya marehemu

Hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Baba amefariki, shamba limevamiwa, mtoto mkubwa anafungua kesi kwa jina lake. Pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kutaka kesi iondolewe kabla ya kusikilizwa) linawekwa, kesi inafutwa. Mtoto wa marehemu, hata awe mrithi pekee, hana mamlaka ya kushitaki kwa mali ya marehemu mpaka ateuliwe kuwa msimamizi wa mirathi.

Kwa mali inayoongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Nenda na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichokupendekeza. Ukishateuliwa, fungua shauri la ardhi ukijitaja hivi: "(jina lako), msimamizi wa mirathi ya marehemu (jina lake)". Ukiandika jina lako tupu wakati barua za usimamizi unazo mfukoni, bado unajitafutia pingamizi. Kumbuka pia kwamba msimamizi anatakiwa kurejesha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo, Fomu Na. V na VI, ndani ya miezi minne.

Hesabu ya miaka 12 hapa ina mtego. Ikiwa marehemu alikuwa akilimiliki shamba hadi siku anakufa, muda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku msimamizi alipoteuliwa. Familia iliyokaa miaka 13 bila kufungua mirathi huku mgeni analima, iko pabaya.

Hatua ya 1: Usuluhishi kijijini na kwenye kata

Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Kwa ugomvi wa mipaka, wa njia ya mifugo, au wa ndugu kwa ndugu, ni pazuri pa kuanzia, kwa sababu wazee wale wanaijua mipaka kwa miguu yao. Wakipatana, hakikisheni makubaliano yanaandikwa na mipaka inatajwa kwa alama zinazoonekana.

Baraza la Kata lina wajumbe wanne hadi wanane, na watatu lazima wawe wanawake. Wakati wa kusuluhisha hukaa watatu, angalau mmoja mwanamke. Zamani baraza hili lilikuwa likitoa hukumu kwa ardhi ya thamani ndogo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliondoa mamlaka hayo. Sasa linasuluhisha tu. Ukiona baraza la kata leo linatoa "hukumu" na kumwamuru mtu ahame, karatasi hiyo haina nguvu. Ipinge mapema, usikae nayo kimya.

Hatua hii huwezi kuiruka ikiwa unataka kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya (kwa kifupi, Baraza la Wilaya). Baraza la Wilaya halisikilizi shauri la umiliki wa ardhi bila cheti cha Baraza la Kata kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Utaratibu wake:

1. Peleka malalamiko kwa maandishi kwa katibu wa baraza, kata ile ile ardhi ilipo. Kata unayoishi wewe haihusiki.
2. Baki na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa. Tarehe hii ni dhahabu.
3. Hudhuria. Mlalamikiwa asipofika, omba liandikwe kwenye mwenendo.
4. Mkishindwana, dai cheti cha kushindikana kwa usuluhishi. Soma majina yote kabla hujaondoka: wadaawa (pande za kesi) kwenye cheti wawe wale wale utakaowaandika Wilayani, na eneo liwe lile lile.

Na kama baraza linakupiga kalenda? Sheria imeliona hilo. Siku 30 tangu malalamiko yafunguliwe zikipita bila suluhu, unaruhusiwa kwenda Wilayani bila cheti. Ndiyo maana ya ile nakala yenye muhuri: bila hiyo huwezi kuonyesha siku 30 zilianza lini.

Hatua ya 2: Unamshitaki nani, na kwa thamani gani?

Kabla hujajaza fomu, jibu maswali mawili.

La kwanza ni thamani ya ardhi. Baraza la Wilaya lina ukomo wa Sh milioni 300 kwa mali isiyohamishika. Ikizidi hapo, mlango ni Mahakama Kuu moja kwa moja. Watu hushusha thamani ili wakae karibu na nyumbani. Upande wa pili ukileta tathmini ya mthamini, kesi inaondoka.

La pili ni zito zaidi: je, miongoni mwa unaowashitaki yumo kijiji, halmashauri, wakala au shirika la umma? Tangu marekebisho ya mwaka 2020, mamlaka za serikali za mitaa, vikiwemo vijiji, zinahesabika kama Serikali pale zinaposhitakiwa. Maana yake mambo matatu yanakwenda pamoja. Utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha, umuunganishe Mwanasheria Mkuu kama mdaawa wa lazima. Na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, si barazani. Ukikosa mojawapo, mwenendo wote ni batili.

Sasa mfano unaojirudia. Umevamiwa na mtu anayesema "kijiji kilinipa". Ukimshitaki yeye peke yake Wilayani, atajitetea kwamba kijiji ndicho kilichogawa, na baraza linaweza kuona kwamba kesi haiwezi kuamuliwa bila kijiji kuwemo. Ukikiunganisha kijiji katikati ya kesi, baraza linapoteza mamlaka. Kwa hiyo uliza mapema kabisa, kwenye usuluhishi, huyu mvamizi anadai alipata wapi eneo. Jibu lake ndilo linaloamua mlango wako. Na aliyekuuzia wewe naye aitwe, ama kama mdaawa ama shahidi. Mnunuzi anayesimama peke yake bila muuzaji wake huwa na wakati mgumu kuthibitisha mzizi wa haki.

Hatua ya 3: Kufungua maombi Baraza la Wilaya

Hapa unaitwa mwombaji, na mwenzako mjibu maombi. Fomu inadai majina na anwani za wadaawa, mahali ardhi ilipo, kiini cha mgogoro, thamani, na unachoomba.

Kipengele cha mahali ardhi ilipo ndicho kinachoua kesi nyingi. Angalia maelezo haya: "Shamba la ekari tatu lililopo kijijini kwetu." Hukumu ikitoka, dalali wa mahakama, anayetekeleza hukumu, ataweka wapi mipaka? Mahakama za juu zimefuta hukumu nyingi kwa sababu eneo halikuelezwa kiasi cha kutambulika. Kwa ardhi iliyopimwa andika namba ya kiwanja, kitalu, eneo na namba ya hati. Kwa isiyopimwa andika hivi:

"Shamba la ekari tatu, kitongoji cha (jina), kijiji cha (jina), kata ya (jina), wilaya ya (jina). Kaskazini limepakana na korongo la msimu. Mashariki, barabara ya kwenda shule ya msingi. Kusini, shamba la mikorosho la (jina la jirani). Magharibi, uzio wa mkonge unaoanzia kwenye mkuyu."

Kisha maelezo hayo hayo, neno kwa neno, yarudiwe kwenye ushahidi wako na wa mashahidi wako. Mmoja akisema ekari tatu na mwingine tano, na wa tatu akitaja korongo upande wa kusini, utaulizwa shamba lipi hasa unalolidai.

Kwenye unachoomba, usisahau kitu. Omba tamko la umiliki, amri ya kuondoka kwa mjibu maombi, zuio la kudumu, fidia kama ipo, na gharama. Usichoomba kwa kawaida hupewi. Kama anajenga au anakata miti sasa hivi, fungua pia maombi ya zuio la muda siku hiyo hiyo, pamoja na kiapo.

Lipa ada kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, hifadhi stakabadhi. Mjibu maombi akishapelekewa hati zake ana siku 21 za kujibu.

Hatua ya 4: Siku ya kusikilizwa

Baraza hukaa mwenyekiti na wazee wa baraza wawili. Wazee hawa si mapambo. Sheria inataka watoe maoni yao kwa maandishi kabla ya hukumu, na maoni hayo yasomwe mbele ya wadaawa. Kutofuata hilo kumebatilisha hukumu nyingi kupita kiasi, na mshindi ndiye anayeumia, kwa sababu ushindi wake ndio unaofutwa. Kwa hiyo wewe mwenyewe linda utaratibu: kila siku hakikisha wazee waliopo wameandikwa kwa majina, mzee mmoja akikosekana katikati, mwenyekiti anaweza kuendelea na aliyebaki, lakini asiingizwe mzee mpya asiyesikia mwanzo. Ushahidi ukifungwa, omba kwa heshima tarehe ya kusomwa maoni ya wazee ipangwe na iandikwe.

Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na mabaraza tangu marekebisho ya 2021. Usikubali kutishwa na maneno ya kigeni. Omba ufafanuzi, ni haki yako.

Wakati wa maswali ya dodoso, usiache jambo zito la shahidi wa upande wa pili lipite bila kuhojiwa. Akisema "nilimwona akipokea pesa" nawe ukanyamaza, huhesabika umekubali. Ikiwa mgogoro ni wa mipaka, omba baraza litembelee eneo. Lifike pamoja na pande zote, mliyoonyeshana yaandikwe, kisha yasomwe barazani.

Usikose tarehe. Ukishindwa kufika, tuma taarifa. Shauri likifutwa au likisikilizwa upande mmoja, una siku 30 za kuomba uamuzi huo utenguliwe, na utatakiwa kutoa sababu za msingi. Karatasi ya hospitali ya siku hiyo hiyo husaidia. Ya wiki iliyofuata hutiliwa shaka.

Kuhusu polisi

Wengi hukimbilia kituoni kufungua kesi ya kuingia kwa jinai. Kama umiliki wenyewe unabishaniwa, mahakama ya jinai kwa kawaida humwachia mshitakiwa na kuwaelekeza mkaamue kwanza ardhi ni ya nani. Polisi waendee kwa kipigo, vitisho, uharibifu wa mazao au hati ya kughushi.

Hatua ya 5: Rufaa

Hukumu ikisomwa, omba nakala siku hiyo hiyo kwa barua na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ina siku 45. Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa, na "sikuwa na nauli" mara chache hupita. Rufaa si kesi mpya: majaji wanasoma kilichoandikwa barazani, hivyo shahidi uliyemsahau usimtarajie huko.

Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, toa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 30, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo. Huko hukaa majaji watatu na kanuni zake ni kali. Kama kuna mahali pa kukopa ili ulipe wakili, ni hapa. Asiyemudu aulizie wasaidizi wa kisheria wa wilayani kwake. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hukumu za mahakama za juu zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na kusoma tatu au nne zinazofanana na jambo lako kunafundisha kuliko ushauri wa kijiweni.

Hatua ya 6: Kukaza hukumu

Kushinda hakumwondoi mtu shambani. Omba utekelezaji pale pale kesi ilipoanzia. Dalali atateuliwa na notisi itatolewa. Usiende na vijana kuvunja nyumba kwa kuwa "hukumu ninayo", utageuka mshitakiwa. Haki ya kukaza hukumu nayo ina ukomo wa miaka 12.

Dalali akishakabidhi eneo, piga picha, panda mipaka mbele ya majirani, na upeleke nakala ya hukumu ofisi ya kijiji au kwa Msajili wa Hati ili daftari lirekebishwe. Daftari likibaki na jina la mtu mwingine, mnunuzi anayefuata atakuja na upekuzi wake mkononi.